Ufaulu Uliogeuka Mali ya Shule: Historia ya Matokeo ya Kidato cha Nne Tanzania

Mwaka wa masomo katika shule ya sekondari ya Tanzania, unaoanza Januari na kuishia Desemba, hufungwa kwa habari mbili zinazopishana kwa miezi kadhaa. Ya kwanza ni mahafali, yaani sherehe ya kuwaaga wahitimu wa kidato cha nne, ambayo shule nyingi huifanya Septemba au Oktoba, wakati mtihani wa taifa bado haujafanyika. Ya pili ni matokeo ya mtihani huo, ambao kwa sasa hufanyika Novemba na kutangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania mwaka unaofuata, kwa kawaida mwezi Januari au Februari. Kwa hiyo mwanafunzi huvaa joho, husomewa sifa zake mbele ya wazazi na kupewa zawadi ya taaluma kabla taifa halijasema lolote juu ya kiwango chake. Mpangilio huu, ambao kwa mgeni unaweza kuonekana kama kushangilia mavuno kabla ya mvua, una mantiki yake: katika mahafali shule ndiyo inayosema, na katika matokeo asemaye ni mtahini asiyemjua mwanafunzi hata kwa sura. Historia ya matokeo ya sekondari nchini ni, kwa sehemu kubwa, historia ya mtahini huyo wa mbali, mahali alipokaa, na watu aliowatangazia alichokiona.

Katika kipindi cha ukoloni wa Waingereza mtahini huyo alikuwa Cambridge. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kutahini shule za Uingereza mwaka 1858, na kufikia miaka ya 1860 mitihani hiyo ilikuwa imeanza kuvuka bahari kwenda katika makoloni. Shule chache za Tanganyika zilizofika kiwango hicho, kama vile Tabora, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu, pamoja na shule za misheni za Minaki na Pugu, ziliwaandaa wanafunzi wao kwa ajili ya cheti kilichojulikana kwa ufupi kama Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, karatasi za majibu zikasafirishwa kwenda kusahihishwa huko, na mwanafunzi akakaa nyumbani akisubiri hukumu iliyorudi baada ya miezi. Watahiniwa walikuwa wachache, na ufaulu ulikuwa tukio la mtu mmoja na ukoo wake, kwani matokeo yalimfungulia njia ya kwenda Makerere au ya kuajiriwa serikalini, na hapakuwa na umma mpana uliohitaji kujua ni shule ipi iliyozipita nyingine.

Urithi mmoja wa Cambridge umedumu kuliko mengine yote, nao ni namna ya kuhesabu. Kila somo lilipewa daraja la 1 hadi 9, ambapo 1 lilikuwa bora na 9 lilikuwa la kushindwa, kisha madaraja ya masomo yaliyochaguliwa yakajumlishwa ili kumweka mtahiniwa katika kundi la kwanza, la pili au la tatu. Hapo ndipo ilipotoka divisheni, na hapo ndipo lilipo jibu la swali linalowasumbua wazazi wengi hadi leo, yaani kwa nini mtoto mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Katika utaratibu wa sasa alama A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi hujumlishwa, mwenye pointi 7 hadi 17 akapata divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, na anayezidi hapo akapata sifuri. Hata watoto mtaani huelewa maana ya kauli kwamba fulani amepata wani ya saba.

Baada ya uhuru, Tanzania, Kenya na Uganda zilianzisha mwaka 1967 Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake Kampala na lililofanya kazi kwa ushirikiano na Cambridge katika kipindi cha mpito. Ushirikiano huo haukudumu. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, mitihani ikasimamiwa kwa muda na Wizara ya Elimu, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973. Kenya ilipata baraza lake mwaka 1980.

Sababu ya kujitoa haikuwa utawala peke yake. Mwaka 1967 Julius Nyerere, mwenyewe aliyepitia Tabora na Makerere, alikuwa ametoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, ambao ulilaumu shule kwa kuwafundisha wachache watakaoendelea na kuwasahau wengi watakaorudi kijijini, na ambao uliukosoa mtihani kwa kupima kumbukumbu ya vitabuni na kuacha tabia, bidii na uwezo wa kufikiri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbele zaidi kwa kutaka maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi, pamoja na mwenendo wake katika kazi, yahesabiwe katika kumpima, na kwa kutaka waliomaliza sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Lililo muhimu kwa historia hii ni kwamba, baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 iliyoweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku mikononi mwa serikali, wanafunzi waligawiwa shuleni na serikali, wengi wakipelekwa mikoa wasiyoijua, na hakukuwa na mzazi aliyezunguka akitafuta shule inayofaulisha. Shule ilitoa matokeo lakini haikuyauza. Katika mazingira hayo, orodha ya shule bora ingekuwa habari isiyokuwa na mteja.

Mteja alikuja pamoja na ada. Kuanzia miaka ya 1980 shule za binafsi, za jumuiya za wazazi na za taasisi za dini ziliongezeka haraka, hasa katika mikoa kama Kilimanjaro ambako mahitaji ya sekondari yalizidi nafasi za serikali, na sera ya elimu ya mwaka 1995 ikaifungua milango kwa uwazi zaidi. Mzazi anayelipa alihitaji kipimo cha kulinganisha, na kipimo pekee kilichokuwapo kwa nchi nzima kilikuwa ni matokeo ya Baraza. Ndipo kumi bora, yaani orodha ya shule kumi na wanafunzi kumi waliofanya vizuri kuliko wote, ikawa kiini cha siku ya kutangaza matokeo, ikasomwa mbele ya waandishi wa habari na kuchapishwa katika kurasa za mbele za magazeti. Majina kama St. Francis ya Mbeya, Marian ya Bagamoyo, Feza ya Dar es Salaam na Kemebos ya Kagera yalifahamika nchi nzima kupitia orodha hiyo, na watu wengi waliyataja kwa ufasaha bila ya kuwahi kufika huko.

Baraza lenyewe lilitambua mapema kwamba kulinganisha huko kuna kasoro. Seminari yenye wanafunzi ishirini na shule ya mjini yenye watahiniwa mia tatu haziwezi kuwekwa katika mstari mmoja, kwa hiyo vituo viligawanywa katika makundi mawili, vile vyenye watahiniwa 40 au zaidi na vile vyenye pungufu ya hapo. Lakini mgawanyo huo uliiponya kasoro ndogo na kuiacha kubwa. Shule za serikali za vipaji maalumu, kama Kibaha, Ilboru, Mzumbe na Kilakala, hupokea wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika mtihani wa darasa la saba, shule kubwa za binafsi huwachuja wanaoomba kwa usaili, na shule ya kata hupokea kila aliyepangiwa. Orodha ilipima mchujo wa Januari ya kidato cha kwanza angalau sawa na ilivyopima ufundishaji wa miaka minne iliyofuata, ingawa ilisomwa na wengi kama ushahidi wa ufundishaji peke yake. Kutoka hapo zilizaliwa tabia ambazo serikali imezikemea mara kwa mara: kumkaririsha darasa mwanafunzi asiyefikia wastani wa shule, kumhamisha kabla ya mtihani, au kumtaka akafanye mtihani katika kituo kingine ili asiiharibie shule hesabu yake. Mwanafunzi ambaye zamani ufaulu ulikuwa wake na ukoo wake alikuwa sasa ni tarakimu katika hesabu ya mwenye shule.

Shule za kata zilizotajwa hapo juu zinahitaji maelezo, kwa kuwa ndizo zilizobadilisha ukubwa wa jambo zima. Ni shule za sekondari za kutwa zilizojengwa katika kata, kwa nguvu za wananchi na mchango wa serikali, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Idadi ya shule za sekondari nchini ilipanda kutoka karibu 1,300 mwaka huo hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2009. Majengo yalitangulia walimu, maabara na vitabu, na wanafunzi wa wimbi hilo walipofika kidato cha nne, nchi ilisoma matokeo ambayo haikuwahi kuyaona.

Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaacha watahiniwa 240,903 na divisheni sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, aliunda tume ya uchunguzi, na mwezi Mei serikali ikayafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya, kwa maelezo kwamba Baraza lilikuwa limetumia mipaka ya alama isiyobadilika, tofauti na utaratibu wa miaka iliyotangulia ambapo mipaka ilirekebishwa kulingana na jinsi watahiniwa walivyofanya. Baada ya kupangwa upya, kiwango cha ufaulu kilipanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43.08, ilhali hakuna mtahiniwa aliyeandika neno jipya katika karatasi yake. Kwa wananchi wengi hilo ndilo lililokuwa somo la kwanza la hadharani kuhusu namna alama inavyotengenezwa. Halikuwa somo la mwisho, kwani mwishoni mwa mwaka huohuo wizara ilitangaza kuondoa sifuri na kuweka divisheni ya tano mahali pake, jambo lililopokewa kwa kejeli na kuachwa haraka. Mtihani wa mwaka 2014 ulitangazwa kwa wastani wa alama badala ya divisheni, kisha mapema mwaka 2016 Waziri Joyce Ndalichako, aliyewahi kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza, akairudisha divisheni. Mtu aliyefika katika dirisha la ajira na cheti cha mwaka 2014 alilazimika kueleza kilivyo tofauti na cha ndugu yake.

Wakati huohuo njia ya kufikisha habari ilikuwa imebadilika. Zamani orodha ya matokeo ililetwa shuleni na kubandikwa katika ubao wa matangazo, na waliokuwa mbali walimtuma mtu au walisubiri barua. Siku hizi, saa ile ile Katibu Mtendaji anapomaliza kuzungumza, kurasa za kila kituo huwa zimefunguka katika tovuti ya Baraza, na kituo kinatambulishwa kwa namba inayoanza na herufi S kwa shule au P kwa watahiniwa wa kujitegemea. Ukurasa hauandiki majina. Unaonyesha namba ya mtahiniwa, jinsi, jumla ya pointi, divisheni na alama ya kila somo, kwa hiyo faragha ya mwanafunzi inategemea ni nani anayeikumbuka namba yake, na kijijini namba hiyo hukumbukwa na wengi.

Kenya ilikuwa imejaribu kuizima orodha ya shule bora kabla ya Tanzania. Mwaka 2014 wizara yake ya elimu ilipiga marufuku kupanga shule na wanafunzi kwa nafasi katika kutangaza matokeo, ikitaja ushindani usio na afya, lakini magazeti yaliendelea kukusanya orodha zao wenyewe. Miaka miwili baadaye, chini ya Waziri Fred Matiang'i, usimamizi wa mtihani ulikazwa kiasi kwamba waliopata alama A katika mtihani wa sekondari walishuka hadi 141, ilhali mwaka uliotangulia walizidi 2,600. Ni vigumu kusema ni hatua ipi kati ya hizo mbili iliyozitikisa shule zaidi, ingawa ya pili ndiyo iliyoonyesha ni kiasi gani cha sifa za nyuma kilikuwa cha kutiliwa shaka.

Tanzania ilifuata Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, ambapo Athumani Amasi wa Baraza la Mitihani aliarifu kwamba shule bora na wanafunzi bora hawatatajwa tena, kwa maelezo kwamba utaratibu huo hauna tija. Uamuzi huo uliiondoa orodha mdomoni mwa serikali bila ya kuiondoa mikononi mwa umma, kwa kuwa idadi ya waliopata kila divisheni katika kila kituo imebaki wazi kwa yeyote mwenye subira ya kuihesabu. Kinachoonekana kubadilika kwa hakika ni mahali pa kusifu. Sifa iliyokuwa ikitolewa Januari na Baraza sasa hubebwa na mabango ya shule zenyewe kando ya barabara, pamoja na risala za mahafali, ambazo wahitimu humsomea mgeni rasmi wakianza na ufaulu wa kaka na dada zao wa mwaka uliopita na nafasi ya shule katika mtihani wa utimilifu wa mkoa, yaani mtihani wa majaribio, kisha wakimweleza kwamba shule ina upungufu wa walimu wa hisabati na fizikia, haina uzio, na maabara ya kemia bado haijaezekwa.