Milango Miwili ya Dodoma

Waingereza walipofungua hospitali ya maradhi ya akili huko Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, mgonjwa wa Kondoa alikuwa na safari ya maili mia hivi kwenda kusini. Miaka mitatu baadaye Kanuni ya Adhabu ikamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Basi serikali ileile ilimwekea mtu mmoja milango miwili, wa tabibu na wa gereza. Na aliyeuogopa huu wa pili hakuthubutu kuukaribia ule wa kwanza. Ajabu ni kwamba Uingereza yenyewe ililifuta kosa hilo mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, lakini kifungu cha 217 kikabaki kitabuni. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikitangua kifungu cha namna hiyo Januari 2025.

Hofu hiyo iliwazoeza watu kunyamaza. Kumbe anayejiona mzigo kwa jamaa zake, akagawa vitu vyake na kuaga pasipo safari, yafaa aulizwe waziwazi kama anawaza kujiua; swali hilo halimtii wazo asilokuwa nalo. Akikiri, asiachwe peke yake, afikishwe kwa tabibu siku hiyohiyo, ingawa ni kwenye zahanati ya kijijini, bila kungoja safari ya Mirembe.