Baiskeli ya Umeme ya Kukunja: Nyepesi kwa Nani?

Tangu tarehe 31 Machi 2025, abiria anayetaka kuingia na baiskeli ya umeme katika treni za chini ya ardhi za London anapimwa kwa swali moja: inakunjwa? Isiyokunjwa haipiti, hata iwe mpya, ya bei kali, imetoka dukani na risiti yake. Inayokunjwa inapita. Mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, Transport for London, iliweka marufuku hiyo mwezi mmoja hivi baada ya baiskeli ya umeme kuwaka moto katika kituo cha Rayners Lane, tarehe 27 Februari mwaka huohuo. Hoja yake haikuwa kwamba chuma chenye bawaba hakiungui. Ilisema kuwa baiskeli za kukunja ni nadra kuwa zimeungwaungwa mitaani kwa mota na betri za kuokoteza, na hizo za kuungaunga ndizo zilizotia watu hofu.

Kitenzi kimoja, basi, kinatenganisha anayepanda treni na anayebaki nje. Kwa Kiswahili chombo chenyewe kinaitwa hivi na vile: baiskeli ya umeme ya kukunja, baiskeli inayokunjika, baiskeli ya kielektroniki, na wako wanaolichukua jina la Kiingereza lilivyo. Majina haya hayalingani uzito. Anayetaka kununua chombo cha kumfikisha kituoni, kumpandisha kwenye treni na kumtoa upande wa pili hadi mlango wa ofisi, jina lisilo sahihi linaweza kumgharimu fedha nyingi na mgongo.

Kiswahili kina mazoea ya siku nyingi na vitu vya aina hii: kiti cha kukunja, meza ya kukunja, kitanda cha kukunja, kisu cha kukunja. Muundo ni uleule wa mashine ya kushona na maji ya kunywa. Msikilizaji hahitaji maelezo zaidi. Anajua kitu hicho kimetengenezwa makusudi kikunjwe na kukunjuliwa kila siku bila kuharibika. Tena kinyume cha kukunja kimo ndani ya mzizi wa kitenzi chenyewe, kukunjua, hivyo kijitabu cha maelekezo kinaweza kuandikwa chote bila kubuni neno jipya hata moja.

Baiskeli inayokunjika, kwa upande wake, ni jina lenye mushkeli. Kisarufi halina kosa, kwani kauli ya kutendeka huonyesha kwamba jambo linawezekana. Lakini fundi wa baiskeli wa Tandika au wa Kisumu akiambiwa baiskeli imekunjika, atauliza kwanza kama aliyekuwa akiiendesha ni mzima. Rimu hukunjika, fremu hukunjika, na sababu huwa ni shimo au gari.

Katika kanuni za usafiri, kukunja hubadili hata hadhi ya kitu. Baiskeli iliyosimama kwa magurudumu yake ni chombo. Ikishakunjwa ni mzigo. Huko London, baiskeli ya kawaida isiyo na umeme hairuhusiwi kwenye sehemu kubwa ya mtandao wa treni za chini kati ya saa 1:30 na saa 3:30 asubuhi, na kati ya saa 10 jioni na saa 1 usiku, siku za kazi. Iliyokunjwa huingia saa yoyote. Nchini Ujerumani, shirika la reli la Deutsche Bahn huipokea iliyokunjwa bure kama begi la abiria, ilhali isiyokunjwa hukatiwa tiketi yake. Yeyote aliyewahi kubishana na konda wa daladala kama gunia lake linalipiwa au halilipiwi anaijua mantiki hii vizuri.

Swali linalofuata ni kukunjwa hadi kiasi gani, na hapo ndipo wauzaji wanapopata mwanya. Ziko baiskeli ambazo hukunjwa usukani peke yake. Ziko zinazokatika katikati kwa bawaba moja, zikabaki na upana wa mlango na mnyororo uliojaa grisi ukitazama suruali ya jirani. Singapore imelimaliza jambo hili kwa rula: baiskeli iliyokunjwa, ili ipande basi au treni, isizidi sentimita 120 kwa 70 kwa 40. Hicho ni kipimo cha ukarimu. Brompton ya Uingereza, ambayo ndiyo wengi huifikiria wanaposikia baiskeli ya kukunja, hujikusanya hadi takriban sentimita 65 kwa 59 kwa 27, ikatosha chini ya meza ya ofisi.

Baiskeli hiyo ina historia ya kupendeza. Andrew Ritchie, mhandisi aliyesoma Cambridge na ambaye wakati huo alikuwa akijipatia riziki kwa kazi za bustani, aliiona Bickerton, baiskeli ya alumini ya kukunja iliyobuniwa na Harry Bickerton mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaamini kwamba angeweza kutengeneza iliyo bora zaidi. Vielelezo vyake vya kwanza alivijenga katikati ya muongo huohuo, nyumbani kwake, mkabala na kanisa la Brompton Oratory, na jina la kanisa likahamia kwenye baiskeli. Hila yake ilikuwa kulipindua gurudumu la nyuma chini ya fremu, kulileta la mbele ubavuni, na kuuacha mnyororo katikati ya magurudumu, mbali na nguo za watu. Umeme ulikuja baadaye sana. Kampuni ilitangaza Brompton yenye mota mwaka 2017, kwa bei iliyozidi pauni 2,500.

Neno la umeme nalo lina kesi yake. Kielektroniki hakifai hapa, maana hicho ni cha vifaa vinavyochakata ishara: simu, kikokotoo, tiketi za kielektroniki. Kinachozungusha gurudumu ni umeme ule unaowasha taa na kusukuma maji. Lakini baiskeli ya umeme nayo ina utata, kwa sababu wengi wakiisikia huona pikipiki ndogo isiyo na moshi, ya kukaa tu na kukaza mkono. Sheria za Uingereza na za Umoja wa Ulaya zinazungumzia kitu kingine. Ili baiskeli ya umeme ihesabiwe kuwa baiskeli, isiyodai leseni wala bima, mota yake isizidi wati 250 na iache kusukuma mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Lazima iwe na pedali, na mtu azikanyage.

Wazo la kuweka mota kwenye baiskeli ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mmarekani Ogden Bolton alipata hataza ya baiskeli yenye mota katikati ya gurudumu la nyuma tarehe 31 Desemba 1895. Kilichokuja kubadili mambo ni Yamaha ya Japani, mwaka 1993, kuingiza sokoni baiskeli ambayo mota yake hupima nguvu ya mguu na kuongezea tu juu ya nguvu hiyo. Mguu ukisimama, mota husimama. Kwa kazi hiyo Kiswahili tayari kina kivumishi chake darasani: kama kilivyo kitenzi kisaidizi, mota hii ni mota saidizi. Mwandishi wa kanuni za barabarani anayetaka kuitofautisha na pikipiki ya umeme anaweza kuandika baiskeli yenye mota saidizi na asieleweke vibaya. Kwa mazungumzo ya kawaida, ya umeme inatosha.

Kigumu zaidi ni nyepesi.

Matangazo yote ya biashara hii hulitumia neno hilo, na katika Kiswahili -epesi hubeba maana mbili kwa wakati mmoja: kisicho na uzito, na kisicho na taabu. Mtu mwepesi ni mwenye kilo chache au ni mwenye haraka na wepesi wa kazi. Ni mazingira yanayoamua. Mwendesha baiskeli wa Tanga au Bujumbura akisema baiskeli yake ni nyepesi, mara nyingi hazungumzii mizani. Anasema inateleza vizuri, gololi zina grisi, miguu haiumi. Kwa maana hiyo, kila baiskeli ya umeme ni nyepesi. Mota inamaliza mlima, inamaliza upepo wa mbele. Ila mota hiyohiyo, pamoja na betri yake, ndiyo inayoifanya nzito anaposhuka na kutakiwa kuibeba. Umeme humpunguzia mzigo mpanda baiskeli na kumwongezea mbeba baiskeli, na kwa msafiri wa treni hao wawili ni mtu mmoja.

Tarakimu zinaonyesha ukubwa wa tatizo. Brompton ya kawaida ya chuma, isiyo na mota, ina takriban kilo 11 au 12. Ya umeme hufika kilo 17 hivi. Tern Vektron, ya kampuni ya Taiwan, yenye magurudumu ya inchi 20 na mota imara kwenye mhimili wa pedali, ni takriban kilo 22, na huo ni uzito wa kuzidi dumu la maji la lita 20 lililojaa pomoni. Zote mbili ni baiskeli za umeme za kukunja, na jina haliongopi. Lakini treni za chini za London zina vituo 272, na ni karibu theluthi moja tu vinavyofikika bila kupanda ngazi. Vektron ni baiskeli nzuri kwa anayeikunja mara chache ili aiweke kwenye buti la gari. Wa kupanda na kushuka ngazi asubuhi na jioni, huku wenye haraka wakimsukuma mgongoni, haimfai.

Upande wa pili iko Hummingbird, ya Uingereza pia, ambayo kwa fremu ya nyuzi za kaboni imeteremka hadi kilo 10 na kidogo ikiwa na umeme wake. Uzito huo una bei yake kwa maana zote mbili: pauni nyingi, na betri ambayo ujazo wake ni takriban nusu ya ile ya Brompton.

Suluhisho la Brompton linastahili kusifiwa hata na asiyeipenda sura yake. Betri, yenye takriban kilo 3, haikufichwa ndani ya fremu. Imewekwa kwenye mfuko unaoning'inia mbele, na huchomolewa kabla ya kukunja. Msafiri hubeba kilo 14 mkono mmoja na mfuko begani. Jumla haikupungua hata gramu, lakini mwili unaipokea kwa namna nyingine, na wakati wa kuchaji hakuna haja ya kuingiza baiskeli yenye matope chumbani.

Ujazo wa betri hiyo ni wati-saa 300. Hicho ni kipimo ambacho mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, anakijua kwa jina lingine: uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000, kwa hiyo betri nzima inajaa kwa chini ya nusu uniti, ukihesabu na unaopotea kwenye chaja. Mota ikila wati-saa 6 hadi 10 kwa kila kilomita, kutegemea milima na miguu ya mwenyewe, inapatikana safari ya kilomita 30 hadi 50. Msafiri wa treni hahitaji hata nusu ya hizo. Nyumba yake iko kilomita 3 au 4 kutoka kituoni. Kinachofanya safari ndefu ni treni. Kununua betri kubwa kwa sababu tu tangazo linaahidi kilomita 100 ni kujitwisha kilo ambazo hazitatumika.

Wa kutazamwa zaidi ni ubora wa betri. Betri za lithiamu zikigongwa, zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, au zikiwa zimeungwa vibaya, seli moja hupata joto la kuiambukiza inayofuata, joto likazaa joto, na moto wake ni mgumu kuuzima. Ndani ya behewa lililojaa hakuna pa kukimbilia. Jiji la New York liliamua, kuanzia Septemba 2023, kwamba baiskeli ya umeme isiuzwe bila kuthibitishwa kwa kiwango cha UL 2849. Ulaya hutumia EN 15194. Namba hizi hukaa kwenye kibandiko kidogo ambacho wanunuzi wengi hawakisomi.

Kwa kamusi, kwa magazeti na kwa vibao vya vituo, baiskeli ya umeme ya kukunja ndiyo istilahi ya kushikwa. Ni ndefu, lakini kila neno lina kazi yake, na mpangilio huo ni bora kuliko baiskeli ya kukunja ya umeme, ambayo humfanya msikilizaji adhani kwamba umeme ndio unaokunja. Nyepesi isiingizwe ndani ya jina. Mahali pake pachukuliwe na kipimo, uzito wa kubeba, kikiandikwa kwa kilo, betri ikiwemo, kwa kuwa matangazo mengine hutaja uzito bila betri na kunyamaza.

Anayekwenda kununua aikunje mwenyewe dukani, bila kusaidiwa na muuzaji. Kisha ainyanyue pamoja na betri yake, apande nayo ngazi za ghorofa moja, ashuke, na apande tena. Aombe uzito wa kubeba na namba ya kiwango cha betri, vyote kwa maandishi. Akijibiwa tu kwamba ni nyepesi sana, ashukuru na aende duka la pili.