Kwa Sheria Ipi, Mwalimu?

Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu kijana, haijatimia miaka mitatu tangu nitoke chuo cha ualimu, nikifundisha katika kijiji kimoja kilicho chini ya milima ya Uluguru. Asubuhi moja, mahindi yakiwa yamebeba, binti wa darasa la tatu aliletwa shuleni akiwa mgongoni mwa kaka yake. Mbwa alikuwa amemrarua shavu la mguu. Tulimwosha jeraha kwa maji na sabuni, tukampandisha kwenye lori la ndizi, na huko Morogoro mjini akachomwa sindano za tumboni, moja kila siku, kwa siku 14. Wenzangu wa rika langu wanazikumbuka sindano hizo. Binti alipona.

Lakini siku ile hatukujua kama angepona, nami nilikuwa na hasira. Kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za vikao vya kijiji, niliandika kwa mkono wangu kwamba mbwa wote wanaozurura wauawe, mwenyekiti akatia sahihi. Kesho yake mgambo walipita na marungu na gobori moja. Waliua mbwa 11. Yule aliyeuma hakuwamo. Mwenyewe alikwisha kumtorosha usiku kwa shemeji yake. Aliyekuwamo ni mbwa wa mzee mmoja mkulima, aliyepigwa akiwa amelala chini ya dungu shambani, alikokuwa akilinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe pori.

Mzee yule hakupiga kelele. Alikuja hadi mlangoni mwa darasa langu, akaniuliza, "Kwa sheria ipi, Mwalimu?" Nikamjibu kwamba ni amri ya kijiji. Akasema, "Amri nimeiona. Nimeuliza sheria." Msimu ule nguruwe walimaliza zaidi ya nusu ya shamba lake.

Nimelichunguza swali lile kwa miaka mingi, kwanza kwa aibu, baadaye kwa kupenda historia. Tanganyika iliipokea sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920. Katika sheria hiyo, mtu aliyeumwa na mbwa na kutaka fidia alipaswa kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua tangu awali kuwa mnyama wake ana tabia ya kuuma. Maana yake, ndugu msomaji, ni kwamba aghalabu aliyeumwa wa kwanza hakupata kitu. Ajabu ni kwamba Waingereza walikwisha kumwondolea mzigo huo mwenye kondoo tangu mwaka 1865: mbwa akiua kondoo, mwenye mbwa hulipa, awe alijua au hakujua. Mtoto aliyeumwa hakupewa nafuu hiyo.

Iko pia Kanuni ya Adhabu, inayomtia hatiani mtu anayezembea kuchukua tahadhari juu ya mnyama wake anayeweza kudhuru watu. Kifungu hicho kilikuwepo hata mwaka 1976, lakini kinahitaji polisi, shahidi na hakimu, tena huja baada ya mguu kuraruliwa. Cha kuzuia mapema ni sheria ndogo za serikali za mitaa, na hapo ndipo tulipokuwa na pengo. Mwaka 1972 serikali ilizivunja halmashauri za wilaya, madaraka yakahamia kwa maofisa wa serikali kuu. Vijiji vilipewa halmashauri zake kwa sheria ya mwaka 1975, lakini sisi kijijini tulidhani kuwa na mhuri ni sawa na kuwa na sheria.

Halmashauri za wilaya zilirudi kwa Sheria Na. 7 ya 1982, na miji ikapewa yake, Na. 8. Sheria hizo zinasema waziwazi jinsi ya kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya wilaya hutangaza kusudio lake ili wananchi watoe pingamizi, hupeleka rasimu kuidhinishwa serikalini, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kijiji nacho huitisha mkutano wa wanakijiji, husikiliza mapendekezo yao, hupeleka rasimu wilayani ipate kibali. Hakuna ruhusa ya kupingana na sheria za Bunge. Isitoshe, mwaka 1984 Katiba yetu iliingizwa haki za binadamu. Ibara ya 24 inalinda mali ya mtu, na ibara ya 13 inataka mtu asikilizwe kikamilifu kabla haki yake haijaamuliwa. Mbwa ni mali, hata akiwa koko.

Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu mkuu palepale, nikaombwa kusaidia kuandika rasimu ya sheria ndogo ya mbwa. Niliiandika kwa kujiamini, ikarudi kutoka wilayani imepigwa mistari. Faini niliyoweka ilizidi kiwango kilichoruhusiwa, na maneno "atauawa mara moja" yalikatwa. Mbwa anayedhaniwa ana kichaa lakini anaweza kufungwa, afungwe na aangaliwe kwa siku 10, kwa kuwa mwenye kichaa cha mbwa kwa kawaida hafikishi siku hizo bila kudhihirika. Mwenyewe aitwe, aseme. Gharama za kumpeleka majeruhi hospitali ziwe juu yake.

Katika mkutano wa kijiji mtoto wa yule mzee (mwenyewe alikwisha kufariki) alipinga kifungu cha kufunga mbwa mchana kutwa. Alisema, "Mkishamfunga mbwa nyumbani, shambani atabweka nani?" Tulibishana hadi jua likazama. Kifungu kikarekebishwa: mbwa huru shambani akiwa pamoja na mwenyewe, njiani na kamba, kijijini afungwe.

Waingereza, kwa sheria yao ya 1991, walichagua njia ya kupiga marufuku aina kwa majina, na pit bull ni mmojawapo. Mbwa wetu wengi hawana aina. Mimi naona tulikuwa sahihi kuandika juu ya kamba na chanjo, tukaacha sura ya mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, imekwisha kuongeza kwamba hata mnyama anayestahili kuuawa asiteswe, na nikikumbuka yale marungu nakosa la kusema.

Yule binti sasa ni bibi mwenye wajukuu, na ana mbwa wawili katika banda lenye komeo. Baada ya kustaafu nilikwenda kwa mtoto wa mzee na fedha kidogo katika bahasha, nikamweleza ni za nini. Alicheka sana. Akasema baba yake alimwita mbwa yule Watasema, nami kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza jina lake. Bahasha hakuipokea. Aliniomba badala yake nimwandikie barua kwa ofisa mifugo, maana chanjo ya mwaka ule ilikuwa haijafika kijijini, nikakaa pale barazani nikaiandika.