Waunda Koili wa Victoria

Katika jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia, iko nchi ya vilima vifupi na misitu ya mikaratusi iitwayo Pembetatu ya Dhahabu, yenye miji midogo kama Dunolly, Tarnagulla, Wedderburn, Inglewood na Maryborough. Na mtu apitaye humo leo huona mashimo yaliyofukiwa nusu na vifusi vya kokoto, athari za umati uliomiminika huko tangu mwaka 1851, dhahabu ilipopatikana Clunes na Ballarat. Umati ule ulichimba kwa sururu na koleo, ukaosha mchanga kwa karai, na ukachukua kile kilichoonekana kwa jicho. Kilichobaki ardhini hakikuwa haba. Mwaka 1869, huko Moliagul, John Deason na Richard Oates waligonga penye mizizi ya mti, kina cha sentimita 3 tu, pande la dhahabu lenye uzito wa zaidi ya kilo 70, nalo likakatwa vipande juu ya fuawe la mhunzi wa Dunolly kwa kuwa haikupatikana mizani ya kulipima zima. Ikiwa jabali kama lile liliweza kulala chini ya nyayo za wachimbaji miaka 18 bila kuonekana, basi hapana ajabu kwamba vipande vidogo visivyo na idadi vilibaki vikingoja chombo cha kuvisikia.

Chombo hicho, mashine ya kutambua metali, kilifika kutoka Marekani katika miaka ya 1970, zama ambazo bei ya dhahabu ilikuwa imefunguliwa minyororo yake na kupanda hata ikapita dola 800 kwa wakia mnamo Januari 1980. Mwaka huohuo Kevin Hillier, akitembea na mashine ya mkononi nyuma ya Kingower, alifukua pande la kilo 27 lililokuja kuitwa Mkono wa Imani na kuuzwa kwa jumba la kamari la Las Vegas kwa takriban dola milioni moja. Habari ile iliwatoa watu majumbani. Walakini wengi wao walirudi na makopo yaliyoshika kutu, maganda ya risasi na masikio yaliyochoka, maana udongo wa Victoria umejaa mawe ya chuma, mekundu na mazito, ambayo humhadaa mtafutaji kwa kulia kama dhahabu.

Wanaosimulia tarikhi ya mashine hizi aghalabu hukisifu kisanduku cha umeme na mhandisi wake, wakaisahau koili, ile sahani inayopita juu ya majani. Nami naona wameipa heshima nusu ya kazi. Koili ndiyo ipelekayo nguvu ya sumaku ardhini na ndiyo ipokeayo mwangwi wake, na kanuni ya nguvu hiyo ni kali mno: kwa kipande kidogo kilicho mbali, ukiuzidisha umbali mara mbili, nguvu inayokifikia hubaki sehemu moja katika 8, na mwangwi nao hupungua kwa kadiri ileile njiani kurudi, hata ukifika juu huwa umebaki sehemu moja katika 64. Kwa hiyo mhandisi aliyejitahidi hata kisanduku chake kikasikia mara mbili ya zamani aliambulia kina cha asilimia 12 hivi tu, ilhali fundi aliyetandaza waya wa shaba katika duara pana zaidi alizisukuma nguvu zile mbali kabla hazijaanza kudhoofika.

Mlango wa mafundi hao ulifunguliwa mwaka 1995, wakati kampuni ya Minelab ya Adelaide ilipotoa mashine ya SD2000, iliyobuniwa na Bruce Candy, ambayo ilipeleka ardhini mapigo ya urefu mbalimbali na hivyo ikaweza kuutenga mlio wa dhahabu na ule wa mawe ya chuma. Plagi ya koili yake, yenye pini 5, ilidumu vilevile katika mashine zilizofuata hadi GPX 5000 ya mwaka 2010. Jambo hilo, ambalo yamkini hakuna aliyelipangia makubwa, ndilo lililoiumba biashara nzima: mtu aliyenunua koili nzuri aliweza kuihamisha kutoka mashine hata mashine, na karakana kama Coiltek ya Maryborough na Nugget Finder, zilizo katika jimbo lilelile la machimbo, zikapata wateja waliorudi na malalamiko yao mkononi na udongo ungali kwenye viatu.

Kazi yenyewe ni ya subira. Waya hukunjwa duara, hulazwa ndani ya ganda la plastiki, hupakwa kinga ya grafiti, kama ile ya penseli, iliyounganishwa na ardhi ya umeme ili majani yenye umande yasipige kelele za uongo, kisha humiminiwa gundi ngumu. Na mzunguko mmoja wa waya ukilegea kadiri ya unywele, koili hulia kila inapogonga kisiki. Mafundi waliunda duara za waya mmoja, ambazo huzama mbali lakini huchokozeka upesi na mawe mekundu, na nyingine za waya mbili zilizopishana mfano wa herufi D, ambazo hutulia zaidi lakini hufika karibu zaidi. Waliunda za inchi 18 kwenda juu za kuwinda mapande ya kina kirefu, nzito hata mtafutaji huzining'iniza kwa mpira kutoka begani, na waliunda ndogo za umbo la yai za kupenya baina ya mashina na kusikia punje isiyofika gramu moja. Kwa ajili hiyo uwanja uliokwisha kupigwa na watu kumi kwa koili ya kiwandani uliweza kutoa dhahabu tena kwa wa kumi na moja, naye akachimba kihalali kwa hati ya haki ya mchimbaji, ambayo mizizi yake ni ghasia za wachimbaji wa Eureka za mwaka 1854 na ambayo hadi leo hutolewa huko kwa muda wa miaka 10.

Kwetu Afrika Mashariki, machimbo ya Lupa kule Chunya, yaliyovuta watu tangu mwaka 1922 kwa dhahabu yake ya mchanga na mabonge, ni ardhi ya namna hiyohiyo, na mchimbaji mdogo wa huko akiulizwa kuhusu ukubwa wa sahani hahitaji kufasiriwa.

Mwaka 2015 mlango ule wa mafundi ulifungwa. Mashine mpya ya Minelab, GPZ 7000, ilitoka na koili yenye alama ya siri ya kielektroniki, na kisanduku kikakataa kuzungumza na koili yoyote isiyokuwa nayo. Miaka michache baadaye mafundi wa Urusi walitoa koili zao kwa sharti lililowatia hofu wengi: mwenye mashine akate waya wa koili yake halisi, ya bei ghali, ili plagi na alama iliyomo vitumike kuunganishia ile mpya. Wako waliokata, wakaipoteza dhamana ya kiwanda kwa hiari yao. Hatimaye kampuni yenyewe ililegeza kamba, na mashine ya GPX 6000 ilipotoka mwaka 2021, koili za Coiltek na za Nugget Finder zikauzwa kwa ajili yake kwa idhini, zikiwa na alama ndani yake.