Tarehe ya Usajili na Masikitiko Katika Nchi ya Ruvuma

Katika nchi iliyo baina ya mto Ruvuma na ziwa Nyasa, ambako Wamatengo hulima milima yao kwa ngoro na watu wa pwani ya ziwa huishi kwa nyavu na mihogo, manung'uniko ya wapenzi wa kandanda juu ya wachezaji wanaosajiliwa na wanaoachwa yana tarehe ndefu kuliko wadhaniavyo wengi, na mwenye kuifuatia tarehe hiyo kwa utulivu ataona kwamba dirisha la usajili ni jambo la juzi tu, ilhali huzuni inayolizunguka ina umri wa mababu. Mbinga na vijiji vya ziwani, kama Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, ambavyo tangu mwaka 2012 vimetengwa kuwa wilaya ya Nyasa, kwa miaka mingi vilitia matumaini yao ya mpira katika timu moja ya mjini Songea, Majimaji, ambayo mashabiki wake hujiita Wanalizombe kwa jina la lizombe, ngoma ya Kingoni. Na kwa sababu hiyo habari ya Majimaji ni habari ya mkoa mzima, milima na maji yake.

Mpira ulifika huku kwa kufuata njia ya shule. Huko Kiungani, kisiwani Unguja, wamisionari Waingereza wa UMCA waliwazoeza wanafunzi wao mchezo huu tangu karne ya kumi na tisa, na miongoni mwa vijana waliopata taalimu yao Kiungani wako waliopelekwa kufanya kazi ziwani, mmoja wao akiwa Padri Augustine Ambali, katika misheni iliyokuwa na makao yake kisiwani Likoma na ambayo meli yake, Chauncy Maples, ilianza mwaka 1901 kuzunguka bandari kwa bandari ikichukua walimu, vitabu, dawa na wagonjwa. William Percival Johnson, aliyeitumikia pwani hiyo zaidi ya miaka arubaini akafariki Liuli mwaka 1928, aliacha nyuma yake msururu wa shule, na penye shule hapakosi uwanja, hata kama uwanja wenyewe ni mchanga wa ufukweni na magoli ni mapondo mawili ya mtumbwi. Upande wa milimani Wabenediktini walikuwa wamekwisha kujenga Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, Kigonsera hiyo ambayo baadaye ilimsomesha Benjamin Mkapa. Katika zama hizo hapakuwa na kusajili wala kusajiliwa: mtoto alichezea shule aliyosomea, na mtu mzima alichezea kijiji alikozikwa babu yake, na kama kulikuwa na ugomvi ulikuwa juu ya umri wa mchezaji, wala si juu ya bei yake.

Bei iliingia kwa mlango wa kazi. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha, mashirika ya umma na vyombo vya dola vilianza kuweka timu, na majina yake bado yanasikika katika vinywa vya wazee kama orodha ya idara za serikali: Pamba ya Mwanza, Reli na Tumbaku za Morogoro, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara, RTC ya Kagera, Prisons ya Mbeya. Kijana hodari wa mguu hakulipwa fedha ya usajili kwa maana tuijuayo leo, bali alipewa ajira, chumba, na pengine godoro. Aliandikwa karani wa ghala au askari magereza, akawa na mshahara wa kila mwezi na tumaini la kiinua mgongo, na mkataba wake na timu ulikuwa ndio barua yake ya kazi. Nadhani ni haki kusema kwamba huo ulikuwa usajili wenye insafu kuliko mwingi uliofuata, kwa kuwa mchezaji aliyevunjika goti hakufukuzwa siku ya pili yake; lakini pia ulikuwa usajili ulioipendelea mikoa yenye viwanda, reli na bandari, na Ruvuma haikuwa na reli, kiwanda kikubwa wala bahari, bali kahawa ya Umatengo, tumbaku ya Ungoni na samaki wa ziwani.

Ndiyo maana ushindi wa Majimaji uliwashangaza watu. Timu hii iliyopewa jina la vita vya mwaka 1905 hadi 1907, katika mji ambao mnamo tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wakuu wa Wangoni, iliuchukua ubingwa wa Muungano, yaani ligi iliyowakutanisha wakubwa wa Bara na wa Visiwani, mwaka 1985, ikaurudia mwaka 1986, na ikautwaa mara ya tatu mwaka 1998. Wako wanaolieleza jambo hilo kwa uganga na wako wanaolieleza kwa ghera ya Kingoni, nami sina haja ya kubishana nao, ila napenda kuikumbusha barabara. Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza, ilikamilika katikati ya miaka hiyo ya 1980, na mji ambao zamani ulifikiwa kwa siku kadhaa za tope ukawa karibu ghafula. Timu ikaweza kusafiri na kurudi ikiwa na nguvu, na mchezaji wa mkoa mwingine akaweza kushawishika kwamba Songea si mwisho wa dunia.

Barabara hiyohiyo, hata hivyo, ndiyo iliyowachukua wachezaji. Simba, iliyozaliwa mwaka 1936, na Yanga, iliyozaliwa mwaka 1935, hazikuwa na desturi ya kuziacha timu za mikoani zikae na mali yake, na kila timu ya bara iliyothubutu kuchanua ilipata kuijua desturi hiyo. Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986 na haikudumu kileleni. Pamba, iliyochukua ubingwa wa Muungano mwaka 1990, nayo ilipukutika baadaye. Mjumbe kutoka Dar es Salaam hakuja na barua kwa katibu wa klabu. Alikuja usiku, akapitia kwa mjomba wa kijana, akaacha redio ya kaseti na ahadi, na asubuhi kijana hayupo. Katika Mbinga na Mbamba Bay habari hizo zilifika kwa Radio Tanzania, na mashabiki walipomsikia mtangazaji Ahmed Jongo au Charles Hilary akilitaja jina la mtoto wao katika safu ya ushambuliaji ya timu ya pwani, fahari na uchungu viliwaingia kwa pamoja, wasijue kipi kitangulie. Masikitiko ya siku hizo, basi, yalikuwa masikitiko juu ya walioondoka. Nani aliyeingia mahali pao halikuwa swali kubwa, kwa sababu aliyeingia aghalabu alikuwa mtoto wa jirani, na mtoto wa jirani husamehewa.

Mambo yaligeuka pale sheria ilipoukata mwaka vipande. Shirikisho la mpira la dunia, FIFA, kuanzia mwaka 2002 liliweka utaratibu wa vipindi viwili vya usajili, cha kwanza kirefu na cha pili kifupi, nje ya hivyo hakuna anayesajiliwa ila kwa idhini ya pekee. Na Chama cha Soka Tanzania, FAT, kilichogeuka TFF mwaka 2004, kiliufuata utaratibu huo, hata leo kila mtoto wa mjini anajua tofauti baina ya dirisha kubwa la katikati ya mwaka na dirisha dogo la katikati ya msimu. Kwa klabu yenye mfadhili mkubwa kalenda hiyo ni salama. Kwa klabu ya wananchi katika nchi ya kahawa, kalenda hiyo ni nakama, na hapa ndipo napenda kukaa kitambo, kwa kuwa sijaona watu wakilisema jambo hili ipasavyo.

Kahawa ya Mbinga huanza kuiva mnamo mwezi wa Mei au Juni, nayo huchumwa punje kwa punje hadi Septemba na Oktoba. Humenywa, huloweshwa, huoshwa, huanikwa vichanjani, hupelekwa kukobolewa, kisha hungoja mnada, ambao kwa miaka mingi ulikuwa Moshi, upande wa pili wa nchi. Tangu enzi za NGOMAT, chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilichoundwa mwaka 1936, hadi zama za chama kikuu cha Mbinga, MBICU, na vyama vya msingi vya leo, mkulima amezoea kupokea malipo ya awali kwanza na kungoja mengine baadaye, na fedha ya kweli, ile inayolipa karo, inayonunua bati na inayoweza kuchangia timu, humfikia mwisho wa mwaka au baada yake. Dirisha kubwa, kwa upande wake, hufunguliwa na kufungwa wakati kahawa ingali vichanjani. Kamati ya usajili inapopita na daftari la michango, mwenye shamba hana kitu mfukoni. Na anapokuwa na kitu, wachezaji wazuri wamekwisha kumwaga wino kwingine, wamebaki walioachwa na timu za Ligi Kuu, wenye umri uliopunguzwa na magoti yaliyofichwa. Kamati hulaumiwa kwa uzembe, na kwa hakika uzembe upo, maana sijapata kusikia kamati ya usajili isiyokuwa na wajumbe waliokwenda Dar es Salaam kutafuta beki wakarudi na risiti za hoteli. Lakini hata kamati ya malaika ingeona tabu kununua sokoni mwezi wa Julai kwa fedha ya Desemba.

Majimaji iliyoshuka mwaka 2011 ilirudi Ligi Kuu katika msimu wa 2015/16, na furaha ya kurudi kwake, iliyojaza uwanja wa Majimaji hadi juu ya miti iliyouzunguka, haikudumu zaidi ya misimu mitatu. Kila dirisha lilipofungwa palikuwa na kisomo kilekile vijiweni: huyu ni garasa, yule alikuwa benchi kule atokako, fulani ameletwa kwa sababu ni mtu wa fulani. Msimu wa 2017/18 ulipokwisha, Majimaji ilishuka daraja pamoja na Njombe Mji, na tangu hapo haijarejea. Wapenzi wengi waliuweka mzigo wote juu ya usajili, nami nakubali nusu. Timu isiyolipa mishahara kwa wakati haiwezi kujua kama mchezaji iliyemsajili ni garasa au ni johari, kwa sababu hakuna awezaye kukimbia dakika tisini na njaa ya miezi miwili. Na ni ajabu ya kandanda kwamba shabiki humwona mchezaji aliyekosa bao, asimwone mhasibu aliyekosa fedha.

Kuna jambo jingine ambalo sheria za dunia zimelitengeneza kwa wengine na kulisahau kwa watu wa Ruvuma. Kanuni za FIFA zinaamuru klabu iliyomlea kijana ilipwe fidia ya malezi anaposajiliwa na klabu ya nchi nyingine, na asilimia tano ya bei ya mauzo igawanywe kwa waliomfunza tangu umri wa miaka kumi na miwili hadi ishirini na mitatu. Kanuni hii imezijengea vyuo vya soka klabu ndogo za Ulaya na Afrika Magharibi. Lakini mtoto wa Lituhi anayeonekana katika mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, akachukuliwa moja kwa moja na timu ya Dar es Salaam, hajavuka mpaka wowote, na aliyemlea aghalabu ni mwalimu wa shule ya sekondari aliyenunua mpira kwa mshahara wake. Laiti angevuka ziwa akasajiliwa Nkhata Bay, ambako siku ya anga safi milima yake huonekana kutoka Mbamba Bay, angehesabiwa kuwa ni uhamisho wa kimataifa na karatasi zake zingepita katika mtambo wa FIFA. Akisafiri karibu kilomita elfu moja kwenda pwani ya Bahari ya Hindi, huhesabiwa kuwa amehama mtaa.

Yaliyofuata yanajulikana. Azam ilianza kuionyesha ligi kwa televisheni mwaka 2013, idadi ya wachezaji wa kigeni wanaoruhusiwa kwa kila timu ikapanda kutoka watano hadi saba mwaka 2015 na kumi mwaka 2018, na wapenzi wa mpira wa Mbinga, ambao miaka ya 1980 walimjua mchezaji kwa jina la ukoo wake na kijiji cha mama yake, wakajifunza majina ya Wakongo, Waghana na watu wa Ivory Coast. Barabara ya lami sasa imefika Mbamba Bay, na lori la dagaa huondoka jioni likafika Songea usiku huohuo. Ukipita mjini Mbinga mwezi wa Julai, wakati wa uchumaji, utawakuta watu wameketi kando ya magunia wakigombana kwa bidii juu ya mshambuliaji mpya wa Yanga na kiungo aliyeachwa na Simba, wakitoa hukumu za kikosi kizima kwa ufasaha wa mawakili. Na ukiwauliza ni nani waliosajiliwa na Majimaji msimu huu, watatazamana, kisha mmoja wao atakuambia umwulize fulani, kwa kuwa ndugu yake yumo katika kamati.