Umeme wa reli ya mfano

Umeme wa reli ya mfano ni mpangilio wa chanzo, waya na swichi unaoendesha treni ndogo zilizotengenezwa kwa kipimo na kutandikiwa njia mezani au sakafuni. Kanuni yake ni ile ile inayoendesha treni za umeme za SGR, reli ya kisasa ya Tanzania, zinazoingia Dodoma: umeme huenda kwenye mota kwa njia moja na hurudi kwenye chanzo kwa njia ya pili. Njia moja ikikatika, treni husimama. Zikigusana, hutokea shoti.

Kutoka Zuzu hadi mezani

Treni za abiria za SGR zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, zikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Waya ulio juu ya njia hubeba mkondo geu wa volti 25,000. Pantografu iliyo juu ya paa huupokea, transfoma ya treni huushusha, mota hufanya kazi, na mkondo hurudi kupitia magurudumu na reli.

Msongo, yaani volti, huwa mkubwa ili mkondo uwe mdogo. Nguvu ya megawati 5 kwa volti 25,000 huhitaji ampea 200 hivi. Kwa volti 230 ingehitaji zaidi ya ampea 21,000, na hakuna waya wa reli unaoweza kuzibeba. Ndiyo maana umeme husafirishwa mbali kwa msongo mkubwa na kushushwa hatua kwa hatua. Kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, ni mojawapo ya hatua hizo: kipo kwenye njia kuu ya umeme itokayo Iringa kupitia Singida hadi Shinyanga, nacho huushusha umeme hadi kilovolti 33 za kusambaza. Transfoma za mitaani huufikisha kwenye volti 230 za nyumbani. Adapta ya reli ya mfano ndiyo ngazi ya mwisho: volti 12 hadi 16.

Vipimo

Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni HO, yaani 1 kwa 87. Upana wa njia ya SGR, milimita 1,435, hugeuka kuwa milimita 16.5. Reli ya Kati ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani na kufika Dodoma mwaka 1910, ina upana wa mita moja. Kwa HO hutumiwa njia ya milimita 12.

Namna mbili za kuendesha

Kwa mkondo mnyoofu, reli moja ni chanya na nyingine hasi, na magurudumu ya upande mmoja hutengwa na ekseli kwa plastiki. Ukiongeza volti, treni hukaza mwendo. Ukibadilisha chanya na hasi, hurudi nyuma. Treni zilizo kwenye njia moja hutii rimoti moja, yaani kifaa cha kuongeza na kupunguza volti, hivyo njia hukatwa vipande na kila kipande hupewa swichi yake.

Kwa mfumo wa kidijitali wa DCC, reli hubaki na umeme wakati wote, nao umeme huo hubeba amri. Kifaa kidogo ndani ya kila kichwa cha treni husoma amri zenye namba yake tu. Mfumo huu ulitokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kikaufanya kiwango.

Waya

Kosa la kawaida ni kutegemea maungio ya reli yapitishe umeme. Maungio hulegea na kuingia vumbi, na treni huzidi kuchoka kadiri inavyokwenda mbali. Dawa yake ni kutandaza chini ya meza waya mbili nene, kila moja na rangi yake, kisha kulehemu matawi mafupi kwenye kila kipande cha reli.

Unene una maana. Kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi, waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 hupoteza volti 0.7 kwa mkondo wa ampea 2. Waya wa 1.5, ule wa taa za nyumbani, hupoteza 0.23 tu.

Njia inayozunguka na kujiunga tena na yenyewe kwa mwelekeo wa kinyume huipeleka chanya ikutane na hasi. Kipande hicho hutengwa kwa mianya pande zote mbili na kupewa swichi ya kugeuza. SGR nayo ina sehemu zisizo na umeme zinazotenga maeneo yanayolishwa na fezi tofauti.

Usalama

Umeme wa volti 230 usivuke adapta. Juu ya meza ufike ule ulioshushwa tu. Umeme ukikatika, betri ya sola ya volti 12 huendesha treni za mkondo mnyoofu vizuri kupitia rimoti, lakini fyuzi lazima ikae karibu na betri, kwani shoti yake yaweza kuwasha moto.

Kipimo cha mwisho ni sarafu. Ilazwe juu ya reli zote mbili, kipande kwa kipande. Kila mahali kinga ya adapta inapaswa kukata papo hapo. Isipokata, waya ni mwembamba au kiungio kimelegea, na treni isipande njia hiyo mpaka irekebishwe.