Gari-nyumba milimani Marekani: kwa nini jamaa alishuka garini?

Juzi pale kafe tulikuwa tunaangalia video moja, jamaa karushwa juu na baisani, yule mnyama mkubwa wa Marekani anayefanana na nyati. Watu wakacheka mpaka mwenye kafe akatukemea. Mimi nilibaki na swali moja tu: kwa nini alishuka garini? Nikaanza kusoma, na kumbe jibu lake linaeleza safari nzima. Ngoja niwawekee yote hapa.

GARI LENYEWE
Wamarekani wanaliita RV. Ni gari lenye nyumba ndani yake: kitanda, jiko, friji, choo na bafu. Mengi yana urefu wa mita 6 mpaka 12 hivi, yaani makubwa yanafikia basi la mkoani. Familia inakodi, inajaza chakula, inaondoka wiki mbili. Chini kuna matangi ya maji safi, maji machafu ya kuoshea na uchafu wa choo. Hayo machafu humwagi popote, kuna sehemu maalum za kumwagia.

NJIA
Safari inayopendwa sana inaunganisha hifadhi tatu za Milima ya Rocky. Ya kwanza ni Grand Teton, jimbo la Wyoming. Mlima wake mkuu una mita 4,199, mfupi kidogo kuliko Meru yetu. Ukipanda kaskazini unaingia Yellowstone, hifadhi ya taifa ya kwanza duniani, iliyoanzishwa 1872, karibu kilomita za mraba 9,000. Barabara yake kuu ni mzunguko wenye umbo la namba 8, kilomita 228. Humo ndimo kuna chemchemi zinazorusha maji ya moto angani. Ya tatu ni Glacier, jimbo la Montana, mpakani na Kanada.

Angalizo kwa mwenye gari refu: Glacier kuna barabara maarufu ya Going-to-the-Sun iliyofunguliwa 1933, inapita ukingoni mwa mlima. Kwenye kipande cha juu, gari lenye urefu zaidi ya futi 21 (mita 6.4) haliruhusiwi. Inabidi uliache chini upande basi dogo. Na Yellowstone barabara nyingi hufungwa kwa magari ya kawaida kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi kwa sababu ya theluji.

WANYAMA
Baisani dume anafika kilo 900 na anakimbia kama kilomita 55 kwa saa. Hakuna binadamu wa kumkimbia huyo. Kuna dubu wa aina mbili, mweusi na grizzly. Kuna kulungu wakubwa waitwao elk. Kuna mbwa mwitu wa kijivu, ambao walikuwa wameuawa wote Yellowstone, wakarudishwa 31 kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996.

Sasa tofauti na kwetu ni hii. Ukienda Serengeti huruhusiwi kushuka garini ovyo, na usiku huendeshi. Yellowstone hakuna katazo hilo. Unashuka unapotaka, unatembea porini kwa miguu, unaendesha hata saa nane usiku. Hakuna uzio. Kinachokulinda ni kanuni ya umbali: mita 91 kutoka kwa dubu na mbwa mwitu, karibu uwanja mzima wa mpira goli mpaka goli. Kwa baisani na elk ni mita 23, kama mabasi mawili makubwa yaliyopangwa mstari. Mnyama akikusogelea, wewe ndiye unayerudi nyuma.

Nadhani hapo ndipo gari-nyumba linapodanganya watu. Umeamka kitandani kwako, umekunywa chai yako, umefungua mlango, baisani amesimama nje ametulia kama ng'ombe wa jirani. Unasahau uko porini. Unachukua simu unamsogelea upige picha. Kumbe kutulia kwake siyo upole.

NANI ANALIPA?
Mimi nilidhani kanuni hizi ni za kulinda watu. Nusu tu. Mei 2023, bonde la Lamar ndani ya Yellowstone, mtalii alimwona ndama wa baisani ametengana na mama yake mtoni, akamsukuma mpaka barabarani akidhani anamsaidia. Kundi likamkataa ndama. Akawa anafuata magari na watu. Mwishowe wafanyakazi wa hifadhi wakamuua. Mtalii akakiri kosa, akapigwa faini, akarudi kwao.

Dubu ni vilevile. Zamani dubu wa Yellowstone walikuwa wanaomba chakula barabarani na kula majalalani, mpaka hifadhi ilipokaza kanuni mwaka 1970. Dubu akizoea chakula cha watu anawasogelea, anakuwa hatari, anauawa. Ndiyo maana leo huruhusiwi kuacha nje jiko, sahani chafu wala hata boksi la barafu. Vyote vinarudi ndani ya gari.

Barabara nayo inaua. Dubu jike maarufu kuliko wote, namba 399 wa Grand Teton, alitoka 2020 na watoto wanne, watu wakamiminika kumwona. Oktoba 2024, akiwa na miaka 28, aligongwa na gari usiku, kusini mwa mji wa Jackson, nje ya hifadhi. Akafa na kuacha mtoto.

JIBU LANGU
Kwa hiyo jamaa wa kwenye video alishuka kwa sababu aliruhusiwa. Hakuna askari wa kumshika mkono kila mita, kaachiwa akili yake. Kama una ndugu kule anapanga safari hii, mwambie mambo matatu: apime barabara kabla ya kukodi gari, chakula kikae ndani, na picha apige kwa mbali. Mwenye gari-nyumba anarudi mjini, mnyama hana pa kurudi.

Wadau mliofika huko, tupeni ya kwenu hapo chini. Nawasilisha.